Uniti Moja ni Kuni Kiasi Gani?

Ukifika soko la Chake Chake utaona moto unauzwa kwa vipimo mbalimbali: makaa kwa polo, gesi kwa kilo, na umeme nyumbani kwa uniti. Basi kila mtu hununua kwa mazoea tu. Lakini vipimo hivyo hugeuzwa vikawa kimoja, na hesabu yake haimshindi mtu aliyezoea kupima karafuu kwa pishi.

Tushike uniti. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Uniti ni kilowati moja kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja. Wataalamu wataiita kilojuli 3,600, au kilokalori 860. Usitishike na majina! Kilokalori moja hupandisha joto la lita moja ya maji kwa digrii moja. Maji ya mtungini yana digrii kama 25, kwa hiyo kila lita yataka kilokalori 75 mpaka ichemke. Ukitoa joto linalopotea, uniti moja huchemsha lita 10 hivi katika birika la umeme.

Haya, kuni. Kilo moja ya kuni kavu ina moto wa uniti 4 na nusu, makaa uniti 8, gesi karibu 13. Mtungi wa gesi wa kilo 6 una uniti kama 77. Lakini moto uliomo si moto ufikao chunguni. Mafiga matatu hufikisha kama sehemu moja katika kumi, seredani ya kawaida moja katika tano, gesi nusu, jiko la umeme saba katika kumi.

Kwa hiyo mtungi ule hufikisha chunguni uniti 38. Kupika kiasi hicho hicho kwa umeme ni uniti 55 za mita. Kwa makaa, kilo 24. Kwa mafiga, kilo 85 za kuni, na anayezibeba kichwani mara nyingi si yule mwenye mfuko wa pesa. Zidisha 55 kwa bei unayolipia uniti moja, kisha ulinganishe na bei ya mtungi.

Kama bado unatumia kuni, zikate mapema, zipasue, uzianike. Kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yaliyomo kabla chungu hakijapata kitu.