Mawazo Mengi Yanadhoofisha Kinga ya Mwili

Tangu mji wetu wa Bukavu uingie mikononi mwa waasi wa M23, Februari 2025, wengi tunalala kwa mashaka, sikio likiwa mlangoni. Mwili nao unakesha: tezi zilizo juu ya figo zinamwaga homoni iitwayo kortisoli. Kwa saa chache inasaidia. Ikidumu miezi, chembe nyeupe za damu zinalegea, kidonda kinachelewa kupona. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Sheldon Cohen na wenzake waliwawekea watu virusi vya mafua puani; wenye msongo mkubwa waliambukizwa zaidi. Kuugua huku si uchawi, mama, wala si uvivu. Ukikosa usingizi wiki nzima, nenda kituo cha afya, au kituo cha afya ya akili cha SOSAME hapa Bukavu, ukaongee na mtaalamu.