Hopin na StreamYard: Ukuaji wa Msimu na Ukuaji wa Mazoea

Februari 2020 kampuni ya Hopin ya London ilikuwa na wafanyakazi wasiofika 10, haikuwa na ofisi, na programu yake ya kuendeshea makongamano mtandaoni ilikuwa imefunguliwa kwa wateja wachache tu huku wengine wakisubiri zamu. Mwezi huo wawekezaji wakiongozwa na Accel waliipa dola milioni 6.5. Agosti 2021, miezi 18 baadaye, ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 800 na thamani iliyotajwa kuwa dola bilioni 7.75. Ilipofika Agosti 2023, biashara yake ya makongamano, ile ile iliyoipa jina, ikauzwa kwa RingCentral ya Marekani kwa malipo ambayo hata yakifika ukomo wake hayazidi dola milioni 50.

Mada hii inaifuatilia safari hiyo kwa faida ya vijana wanaounda programu na wanaotafuta mtaji. Ndani ya kampuni hiyo moja kulikuwa na ukuaji wa namna mbili. Mmoja uliletwa na msimu, mwingine ukaletwa na mazoea ya watumiaji. Kwenye vitabu vya hesabu namna hizo zilikuwa zimechanganywa, na fedha nyingi ziliufuata ule wa msimu.

Mwanzilishi wake, Johnny Boufarhat, alisomea uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Manchester. Baada ya safari ya Kusini-Mashariki mwa Asia aliugua maradhi ya kinga ya mwili yaliyomfungia ndani kwa muda mrefu. Simu za video zilikuwepo tele wakati huo, lakini simu ya video humkutanisha mtu na yule anayemjua tayari. Kongamano ni kitu kingine. Watu huenda kuwasikiliza wasemaji, kisha mipango ya kazi na biashara wakaifanyia kwenye foleni ya chai. Boufarhat alitaka kuijenga foleni hiyo ndani ya kivinjari, na wazo lake lilikuwa zuri kweli kweli.

Mshiriki wa Hopin alipofungua linki alipokelewa ukumbini. Pembeni aliona njia ya kwenda jukwaa kuu, vyumba vya mijadala, mabanda ya maonesho na sehemu ya kufahamiana. Hii ya mwisho ndiyo iliyowavutia wengi. Mtu alibonyeza kitufe, programu ikamtafutia mshiriki mwingine asiyemjua, nyuso mbili zikatokea na muda ukaanza kuhesabiwa kurudi nyuma. Ukiisha, mazungumzo yanakatika. Kama wote wawili walibonyeza kitufe cha kuunganishwa, kila mmoja alibaki na mawasiliano ya mwenzake.

Machi 2020 korona ilifunga kumbi za mikutano karibu dunia nzima. Waandaaji waliokwisha kuuza tiketi na kuchukua fedha za wafadhili hawakuwa na nafasi ya kulinganisha bidhaa. Walihitaji ukumbi, na ukumbi ulikuwa huo. Mitaji ikafuata kwa kasi: dola milioni 40 Juni 2020, milioni 125 Novemba, milioni 400 Machi 2021, na milioni 450 Agosti mwaka huo. Mapato ya kampuni kwa kipimo cha mwaka yalitajwa kuwa takriban dola milioni 20 mwishoni mwa 2020, na kupita milioni 100 kufikia Agosti 2021. Ukiigawa thamani ya bilioni 7.75 kwa mapato hayo, unapata karibu mara 77. Bei ya namna hiyo huwa na maana pale tu mnunuzi anapoamini kwamba wateja wa leo watakuwepo kesho na kesho kutwa, tena wakiwa wengi zaidi.

Nao hawakuwa na sababu ya kuwepo. Chama cha wataalamu hufanya kongamano mara moja kwa mwaka, kampuni kubwa labda mara mbili. Kati ya tukio na tukio programu inalala, na mwandaaji ana miezi kadhaa ya kujiuliza kama ataihitaji tena. Kumbi zikifunguliwa, jibu linajulikana. Udhaifu huu ulikuwa wazi tangu mwanzo kwa yeyote aliyeitazama kalenda ya mteja badala ya jumla ya mauzo, na inasikitisha kwamba watu wenye fedha nyingi hivyo hawakuupa uzito.

Sehemu ya mapato yale, hata hivyo, ilitoka mahali pengine kabisa. Januari 2021 Hopin ilitangaza kuinunua StreamYard kwa dola milioni 250. Kampuni hii ndogo ya Marekani ilianzishwa 2018 na Geige Vandentop na Dan Briggs, na kazi yake ilikuwa moja: kumwezesha mtu mwenye kompyuta ya kawaida kurusha kipindi mubashara YouTube, Facebook na kwingineko kwa wakati mmoja.

Inafaa kuitazama kwa karibu. Anayetumia OBS, programu ya bure inayopendwa na mafundi wa matangazo, hana budi kuipakua, kupanga picha na sauti mwenyewe, mara nyingi kunakili namba ya siri ya kurushia, na kuwa na mashine yenye nguvu. Kwa StreamYard mwenyeji anatuma linki. Mgeni anaifungua kwenye kivinjari, anaruhusu kamera na maikrofoni, anasubiri kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa. Mwenyeji akibonyeza picha yake, tayari yuko hewani. Maoni ya watazamaji yanaweza kupandishwa kwenye skrini kwa kubofya mara moja. Kuchanganya picha hufanyika kwenye seva za kampuni, kwa hiyo kompyuta ya mwenyeji haielemewi. Asiyelipa anarusha kipindi chenye nembo ya StreamYard pembeni, na hivyo kila kipindi cha bure kinawaonyesha watazamaji jina la chombo kilichotumika. Mchungaji wa kila Jumapili na mchambuzi wa soka wa kila wikendi hawakungoja korona wala hawakuacha ilipopita.

Hopin ilinunua kampuni nyingine pia, zikiwemo Streamable ya video fupi na Boomset ya kuandikisha wageni kwenye kumbi halisi. Lakini kumbi zilipofunguliwa, hesabu ziligeuka. Februari 2022 iliwaachisha kazi watu 138, sawa na asilimia 12. Julai ikawaachisha wengine 242, asilimia 29. Wale ni watu walioajiriwa kwa kipimo cha msimu, wakalipia kosa ambalo hawakulifanya. Mwaka uliofuata ukaja uuzaji kwa RingCentral, Boufarhat akaachia ukurugenzi mkuu, na kilichobaki mkononi ni StreamYard na zana chache za video. Mwaka 2024 StreamYard ilinunuliwa na Bending Spoons ya Milan, ambayo 2025 iliichukua Brightcove na kutangaza ununuzi wa Vimeo, majina mawili ya zamani katika biashara ya video.

Afrika Mashariki ilikuwa na msimu wake, na mengine yake yakawa mazoea. Kenya ilipobana idadi ya waombolezaji mazikoni mwaka 2020, familia nyingi zilikodi kijana mwenye kamera ili ndugu walioko Marekani, Uingereza na nchi za Ghuba wafuatilie. Masharti yaliondolewa lakini ndugu bado wako ughaibuni, kwa hiyo kazi ya kijana yule imeendelea. Soko la kweli la programu ya kurusha mubashara liko hapo, kwenye misiba, harusi, ibada na vipindi vya vijana, kuliko kwenye makongamano ya hoteli kubwa.

Anayelitaka soko hilo aanze na bando la mtazamaji. Picha inayotumwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Ibada ya saa tatu inapita gigabaiti 1.3. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 hula megabaiti zisizozidi 29 kwa saa. Kuna pia suala la kuchelewa. Njia ya kawaida ya kurusha kwa watu wengi hukata video vipande vya sekunde kama 6, na simu husubiri vipande kadhaa kabla ya kuonyesha, hivyo shangazi aliyeko Muscat anaweza kusema amina sekunde 20 baada ya wenzake. Kwa mazishi hilo si tatizo. Kwa harambee ambayo watu wanaahidi michango papo hapo, ni tatizo kubwa. Kitufe cha kusikiliza sauti tu, na njia ya haraka kwa wale watakaozungumza, ndivyo vya kujengwa kwanza. Mabanda ya maonesho yanaweza kungoja hadi mteja ayaombe na kuyalipia.