Baiskeli isiyobeba mzigo

Ndugu msikilizaji, kwetu sisi baiskeli ni punda wa chuma. Hubeba magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi, madumu ya maji, kreti za soda, na hata mgonjwa aliyefungwa kwa khanga kiunoni mwa mwendeshaji asidondoke. Mtu akipita na baiskeli tupu asubuhi ya siku ya kazi, watu humtazama mara mbili. Na akiulizwa aendako, akajibu kwamba haendi popote, anazunguka tu kisha atarudi, mtaa mzima utasema huyo amekosa la kufanya.

Sasa iko barabara moja katika jimbo la Florida, kusini mwa Marekani, ambako watu wazima wenye akili timamu hukodi baiskeli ili wafanye jambo hilo hilo. Mahali penyewe panaitwa Shark Valley, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Everglades, magharibi ya jiji la Miami. Barabara ni ya lami, urefu wake kilomita 24, nayo ni mzunguko: unapoanzia ndipo unapomalizia. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi. Hakuna kilima hata kimoja, hakuna njia ya mkato, na kivuli ni cha kutafuta. Katikati ya safari upo mnara wa zege wa miaka ya 1960, wenye njia ya kupandia inayojikunja kama kombe la konokono. Ukifika juu unaona nyasi na maji, maji na nyasi, hadi macho yachoke. Saa mbili au tatu zinamtosha mtu asiye na haraka.

Na asiye na haraka ndiye anayeona. Mamba hulala kando ya lami wakiota jua, na mara nyingine juu ya lami yenyewe. Taratibu za hifadhi zinataka mtu akae mbali nao angalau futi 15, yaani karibu mita 5. Kwa hiyo mamba akilala njiani, mwenye baiskeli hana budi kuwa mpole. Kwenye maji ya pembeni wamesimama ndege weupe wa jamii ya yangeyange, wakingoja samaki bila kutikisika. Yupo na ndege mwenye shingo ndefu kama nyoka, ambaye akishapiga mbizi hutoka akatandaza mabawa yake juani, kama mtu aanikaye shuka. Ndani ya gari la mwendo mkali hayo yote yangepita bila kuonekana. Kwa miguu, jua lingekushinda kabla ya mnara. Baiskeli haina mngurumo, na mwendo wake ni wa kadiri, hata mtu akawahi kutazama na kufikiri.

Jambo la kwanza la kufikiri ni hili: unapotazama nyasi zile, unatazama mto. Maji ya Everglades yalikuwa yakifurika kutoka Ziwa Okeechobee na kuteremka kusini hadi baharini, si katika mkondo wenye kingo, bali kama shuka iliyotandikwa juu ya ardhi, nyembamba kwa kina, na mahali pengine yenye upana wa karibu kilomita 100. Mteremko wa nchi ile ni kama sentimita 3 tu kwa kila kilomita. Maji yanayotambaa hapo yaweza kwenda mita 30 tu kwa siku nzima. Mwaka 1947 mwandishi Marjory Stoneman Douglas alitoa kitabu alichokiita kwa jina la mto wa majani, na mwaka huo huo hifadhi ya taifa ikazinduliwa.

Lakini kabla ya hapo watu wenye haraka walikwisha kupita. Kwao kinamasi kilikuwa ardhi iliyolala bure. Napoleon Bonaparte Broward alishinda ugavana wa Florida mwaka 1904 akiahidi kuyakausha maji yale ili watu wapate mashamba. Mifereji ikachimbwa, wakulima wakaja, ardhi ikauzwa. Mwaka 1928 kimbunga kikalisukuma Ziwa Okeechobee juu ya matuta yake ya udongo, na watu wasiopungua 2,500 wakafa, wengi wao vibarua Weusi wa mashambani. Hata ule udongo wenye rutuba haukukaa: udongo wa kinamasi ukikauka, hewa huula, ukasinyaa na kuzama. Katika mji wa Belle Glade, mwaka 1924 nguzo ya zege ya futi 9 ilizamishwa hadi ncha yake ikawa sawa na uso wa ardhi. Leo sehemu kubwa ya nguzo hiyo iko nje. Nguzo haikupanda, ndugu msikilizaji. Ni nchi iliyoshuka.

Haraka hiyo haikuishia hapo. Mto Kissimmee, ulioliletea ziwa hilo maji kwa kupindapinda kilomita 166, ulinyooshwa kati ya mwaka 1962 na 1971 ukawa mfereji wa kilomita 90. Waliounyoosha walitaka maji ya mafuriko yaondoke upesi, na kweli yakaondoka upesi. Yakaondoka pia ndege, samaki na majani yaliyokuwa yakiyasafisha maji. Ikaonekana kwamba zile kona ambazo mchora ramani aliziona za bure ndizo zilizokuwa zikifanya kazi. Kazi ya kurudisha kona hizo ilianza mwaka 1999 na ikakamilika mwaka 2021, kwa gharama ya karibu dola bilioni 1, na hata hivyo ni sehemu tu ya mto iliyorudishiwa njia yake.

Na barabara kuu iendayo kwenye lango la Shark Valley, iitwayo Tamiami, nayo ina kesi yake. Ilifunguliwa mwaka 1928 ikakaa juu ya tuta linalokata njia ya maji kutoka mashariki hadi magharibi, kama mtu aliyelala mlangoni. Kaskazini yake maji yakajaa kupita kiasi, kusini yake hifadhi ikaona kiu. Mwaka 2013 kipande cha kilomita 1.6 kilifunguliwa kikiwa daraja ili maji yapite chini, na vipande vingine vikafuata. Sambamba na hayo upo mpango mkubwa wa ukarabati wa Everglades ulioidhinishwa mwaka 2000, na ambao haujamalizika. Mamilioni ya watu wa miji ya pwani ile hunywa maji ya ardhini yanayojazwa na kinamasi hicho. Kwa hiyo wanaolipia ukarabati hawalipii mamba na ndege peke yao. Wanalipia bomba la jikoni.

Hata njia ya baiskeli yenyewe ina asili ya ajabu. Upande wake wa magharibi ulijengwa miaka ya 1940 na kampuni iliyokuwa ikitafuta mafuta. Mawe ya chokaa yalichimbwa papo hapo yakajazwa barabarani, na mashimo yakabaki kando. Leo, kiangazi kikikausha majani, maji hubaki katika mashimo hayo, na mamba, samaki na ndege hukusanyika humo. Ndiyo maana mwendesha baiskeli anawaona kwa karibu hivyo. Waliokuja mbio kutafuta utajiri waliacha shimo, na wenye mwendo wa pole ndio wanaoufaidi utajiri uliojificha humo.

Msikilizaji wangu yaweza kusema: hayo ni ya Wamarekani, wao wana dola za kuharibu na dola za kutengeneza. Naam, hapo hapo ndipo penye somo. Sisi tunazo dola za kuharibu, kwa sababu kuharibu ni rahisi. Za kutengeneza hatuna.

Tutazame nyumbani. Bonde la Kilombero, lililoandikishwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu, ni tambarare ambayo baiskeli ni nyingi kupita magari. Zinabeba mpunga na samaki, si watalii. Bonde hilo hutoa zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji, na Rufiji ndio unaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, iliyoanza kutoa umeme mwaka 2024. Kwa hiyo taa inayowaka Kariakoo usiku huu ina undugu na kinamasi kilicho mbali, ambacho wengi wetu hatujapata kukiona. Tukikikausha kwa kulima hadi kingo za mto na kulisha mifugo kupita kiasi, giza halitabaki Ifakara. Litapanda basi lije mjini.

Na Dar es Salaam yenyewe tunalo Bonde la Msimbazi. Hapo Jangwani maji yalikuwa na mahali pa kupumzikia kabla ya kuingia baharini. Tukajenga nyumba. Desemba 2011 mvua ikaja, watu wapatao 40 wakafa jijini, na waathirika wakapelekwa Mabwepande. Baadaye tukaweka pale pale karakana ya mabasi yaendayo kasi, na zaidi ya mara moja mabasi hayo yaliogelea. Kasi ilikwenda kujenga katika nyumba ya upole, na mwenye nyumba akarudi kudai chumba chake. Sasa upo mradi wa kuliinua daraja la Jangwani, kuwahamisha watu kwa fidia, na kuifanya sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Ni jambo jema, lakini limechelewa, na limeshatugharimu watu.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Maji ya kinamasi ni mwenda pole. Hukaa, huchuja uchafu, huzama ardhini, kisha hutoka kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Anayeyafukuza yaende mbio atakutana nayo mbele ya safari, yakiwa na hasira.

Bustani ya Jangwani ikikamilika, natumaini watenge humo njia moja tambarare, isiyo ya daladala wala bodaboda. Na siku utakapomwona kijana anapita hapo taratibu, baiskeli yake haina mkaa wala ndizi, anatazama maji na ndege kisha anarudi alikotoka, usiharakishe kumwita mvivu. Huenda yeye ndiye atakayekataa, siku ile mtu mwingine atakapokuja na ramani na rula, akitaka kuyanyoosha maji.