Kilichokatwa Kwenye Malipo Yako Si Sadaka: Kifuate

(Mazungumzo kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuzungumze juu ya jambo linalowaumiza watu wetu kimya kimya. Mtu amefundisha semina, wamekubaliana shilingi 60,000. Siku ya malipo anapewa 57,000. Akiuliza, anaambiwa, "Hiyo nyingine ni ya serikali." Basi anaenda nyumbani akinung'unika, na habari inaishia hapo. Sisi tunasema isiishie hapo. Pesa hiyo ina njia yake, na mara nyingine njia hiyo inarudi mpaka kwako.

NI PESA GANI HII?

Sheria ya ushuru wa mapato inamtaka anayelipa akate sehemu kabla ya kumlipa mwenye kazi, aipeleke kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, yaani KRA. Kwa mkaazi wa Kenya, malipo ya utaalamu, ushauri na mafunzo hukatwa asilimia 5. Kandarasi ya ujenzi hukatwa asilimia 3. Haya yanahusu malipo yanayofika shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi. Na tangu tarehe 27 Desemba 2024, anayeuzia taasisi ya umma bidhaa hukatwa nusu ya asilimia moja.

Sasa sikilizeni vizuri. Kuna ushuru ukikatwa umekwisha. Riba ya akiba ya mtu binafsi katika benki hukatwa asilimia 15, na hesabu imefungwa. Lakini ile asilimia 5 ya mafunzo na ile 3 ya kandarasi si ushuru wa mwisho. Ni malipo ya kutanguliza. Ni kama mtu aliyelipa karo kidogo mwanzo wa muhula: mwisho wa muhula lazima aonyeshe risiti, ahesabiwe kile alicholipa. Akikosa kuonyesha, ataonekana hajalipa kitu.

WACHA TUPIGE HESABU

Tuseme kuna mfugaji nyuki anayealikwa na mashirika kufundisha wengine. Kwa mwaka ameitwa mara nne, miezi tofauti, kila mara 60,000. Jumla ni 240,000. Alikatwa 3,000 mara nne, yaani 12,000. Nauli na vifaa vya kufundishia vilimgharimu 36,000, na risiti anazo. Kwa hivyo mapato yake halisi ni 204,000.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10. Ushuru wake ni 20,400. Lakini kila mkaazi anayejaza ritani hupewa nafuu ya 28,800 kwa mwaka. Toa hiyo, na ushuru wake unakuwa sifuri. Kama hana mapato mengine, zile 12,000 zote ni zake. Anadai KRA!

Na kama mapato yake yangekuwa makubwa, tuseme ushuru ukafika 30,000, bado zile 12,000 zingehesabiwa, alipe 18,000 tu. Kwa njia zote mbili, aliyetunza karatasi zake anafaidika.

USIJAZE SIFURI

Hapa ndipo watu wetu wanapoanguka. Mwezi wa sita ukifika, mtu anakimbia kwenye duka la kompyuta, analipa shilingi chache, anajaziwa ritani ya sifuri kwa sababu "sina kazi ya mshahara". Jamani! Ritani ya sifuri maana yake ni kusema hukupata chochote mwaka mzima. Na KRA tayari wanajua ulilipwa, maana yule aliyekukata aliandika PIN yako. Kwa hivyo umepoteza mara mbili: umeacha pesa yako, na tena umeandika jambo lisilo kweli. Aliyekwisha kujaza hivyo asikate tamaa. Ritani inaweza kurekebishwa.

MAMBO YA KUFUATA

1. Kabla ya kazi, hakikisha aliyekuita ana PIN yako sahihi. Uliza utakatwa kiasi gani.

2. Baada ya malipo, dai cheti cha ushuru uliokatwa. Siku hizi hutolewa kwenye mtandao wa iTax na kutumwa kwa barua pepe. Tangu Julai 2023, mwenye kukata anapaswa kupeleka pesa hiyo KRA katika siku 5 za kazi. Siku zikipita bila cheti, rudi kwake umuulize kwa upole, lakini usiache.

3. Weka vyeti, mikataba na risiti za gharama katika faili moja.

4. Jaza ritani kabla ya tarehe 30 Juni kupita. Andika mapato yote kabla ya kukatwa, gharama, halafu kila cheti. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa.

5. Ritani ikionyesha umelipa zaidi, peleka ombi la kurudishiwa kwenye iTax, na nambari ya benki iwe sahihi. Unaweza pia kuomba pesa hiyo ihesabiwe kwa ushuru mwingine. Ombi la kurudishiwa lipelekwe kabla ya miaka 5 kwisha.

Usiyejua kompyuta, nenda ofisi ya KRA au Huduma Centre ukiwa na faili lako.

NA KIKUNDI JE?

Kikundi kikipata kazi, kitumie PIN ya kikundi. Tuseme mmejenga madarasa kwa kandarasi ya 800,000. Mtakatwa 24,000. Ikiwa iliandikwa PIN ya mwenyekiti, cheti kitatoka kwa jina lake, na mapato yataonekana ni yake. Hapo vikundi vimevunjika, watu wakishukiana bure. Mweka hazina asome cheti mbele ya wanachama, kiandikwe katika daftari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Upande mwingine, kuna siku sisi ndio tunaolipa. Kikundi kikimpa mjenzi kandarasi ya ghala ya 500,000, kikate 15,000 na kuzipeleka KRA katika siku hizo 5. Kumkata mwenzako kisha kuketi na pesa ni kumwibia yeye na kuiibia serikali pamoja.

Habari ya Kaisari na sarafu yake tunaijua sote kanisani, na hatumfundishi mtu kukwepa ushuru. Lakini kumpa Kaisari kilicho chake si sawa na kumwachia kilicho chako, nacho ni karo ya mtoto wako. Mkirudi nyumbani, katika mkutano ujao kila mwanachama aulizwe: mwaka huu ulikatwa wapi, na cheti kiko wapi?

Mungu awabariki katika kazi zenu.