Kusoma Hadithi za Kale Zenye Mizimu na Miujiza
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mtwara)



Wako kati yetu wasemao ya kuwa hadithi za kale zenye giza na mizimu hazimfai karani, maana kazi yake ni tarehe na hesabu. Mimi nasema zamfaa kuliko watu wengi, na kitabu kimoja chatosha kuwa shahidi: Kinjeketile, mchezo wa Bwana Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969.

Asili yake mwaijua. Wazee walisimulia kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alizama majini, kisha akatoka mzima, nguo zake kavu. Akawapa watu dawa ya kugeuza risasi za Wadachi kuwa maji. Vita vikawaka Julai 1905, vikafika hata kusini huku, misheni ya Masasi ikachomwa. Yeye alinyongwa Agosti mwaka ule ule, lakini vita viliendelea mpaka 1907.

Basi msomaji na ashike mambo mawili.

La kwanza, asichanganye mtu na mfano wake. Mtungaji mwenyewe ameeleza kwamba Kinjeketile wa mchezoni ni kiumbe cha fikira, wala si yule aliyenyongwa. Atakaye tarehe na aende kwenye kumbukumbu. Atakaye kujua uzito wa neno lililomtoka mtu likamshinda kulirudisha, na asome mchezo.

La pili, asikome kwenye muujiza. Aulize: ni shida gani iliyowafanya watu wauhitaji? Hapo ataona kodi ya nyumba, na mashamba ya pamba ambayo watu walilimishwa kwa nguvu. Gavana Götzen alipenda kueleza kwamba chanzo cha vita ni waganga na ushirikina. Maelezo hayo yakaifunika pamba, yakaifunika na kodi. Kisha chakula kikateketezwa, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Hesabu za waliokufa hutajwa tangu 75,000 hata 300,000.

Mabwana na mabibi, sisi ndio tuandikao taarifa. Akija mtu mezani kutoka Msimbati au Kilambo, akasema shamba lake limeingiliwa na mzimu, karani mvivu ataandika “ushirikina” na kulifunga jalada. Karani aliyezoea kusoma hadithi hizi atauliza swali la pili: ni nani analitaka shamba hilo, na tangu lini? Si lazima auamini mzimu, ila haimpasi kumpuuza aliyeutaja.

Kwa hiyo naomba chama kinunue nakala ya mchezo huo, tuusome kwa zamu, kila mmoja akishika sehemu yake kwa sauti, kisha tuujadili.