Mila, Vyombo na Maendeleo Yetu

(Hotuba kwa walimu na watumishi wa umma, Mugumu)



Nimetakiwa niseme juu ya utamaduni na maendeleo ya uchumi. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba taifa huendelea au hudumaa kwa sababu ya mila zake. Max Weber wa Ujerumani aliandika mwaka 1904 na 1905 kwamba maadili ya Waprotestanti yalichangia kukua kwa ubepari wa Ulaya. Wengine husema mila si kitu. Jambo kubwa ni sheria na vyombo vinavyoendesha nchi. Tusiende mbali kutafuta jawabu. Tutazame hapa hapa Mara.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi zetu kwa mstari uliotoka pwani hadi Ziwa Viktoria. Mstari huo ukawakata Wakurya mapande mawili. Lugha ni moja na koo ni zile zile. Lakini upande wa Kenya mkulima aliweza kupewa hati ya kumiliki shamba peke yake. Upande wetu ardhi ni mali ya umma, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekikabidhi kijiji usimamizi wake. Watu ni wamoja, taratibu ni mbili. Basi mtumishi anayesema "hawa ndivyo walivyo" anatafuta kisingizio cha kutofanya kazi.

Hata hivyo, ndugu zangu, chombo nacho hakisimami hewani. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Katika Kanda ya Ziwa vyama vya pamba vilikuwa vimejengwa na wakulima wenyewe tangu miaka ya 1950. Mamlaka zilikuwa na ofisi na magari, lakini mkulima hakuziona kuwa zake. Mwaka 1982 ilibidi itungwe sheria ya kuvirudisha vyama hivyo.

Miaka hiyo hiyo, wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi waliochoshwa na wizi wa ng'ombe waliunda Sungusungu. Wazo hilo halikutoka wizarani. Lilipofika Ukuryani lilikuta ritongo, baraza la jadi la kuamua mashauri, likapata mahali pa kukaa. Tukiri pia kwamba palitokea maonevu: watu walipigwa, wengine walihukumiwa bila kusikilizwa. Chombo chenye imani ya watu bado kinahitaji sheria ya kukidhibiti.

Na mila nazo zihojiwe. Ng'ombe ni akiba, ni heshima, ni mahari. Lakini kijana akikosa mahari hushawishika kwenda kuiba, na baba mwenye binti hushawishika kumwoza mapema. Ukeketaji huja kwanza, ndoa hufuata, shule husahaulika. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, hapa Mugumu ilibidi ifunguliwe nyumba salama ya kuwahifadhi wasichana wanaokimbia kisu. Sheria imeandikwa Dodoma. Kisu kimo mikononi mwa watu wanaoheshimiwa kijijini.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuketi na wazee wa mila, si kuwadharau wala kuwaogopa. Baraza lililoweza kumkemea mwizi wa ng'ombe laweza pia kumkemea mzazi anayemkatisha mtoto masomo. Tulishawishi lifanye hivyo, na anayekaidi afikishwe mbele ya sheria.

Msimu wa ukeketaji huwa Desemba. Shule zikifunguliwa Januari, kila mwalimu na ahesabu madawati ya wasichana yaliyobaki matupu. Katika madawati hayo tumempoteza mwalimu, muuguzi na bwana shamba wa kesho. Hiyo ndiyo hesabu ya uchumi wetu, na tutaulizwa sisi.