Kabla ya Albamu: Nyimbo Tano za Queen na Haki ya Toleo la Kwanza



Nimeombwa nieleze somo ninalolifundisha, nalo ni historia ya muziki uliorekodiwa. Nitalieleza kupitia bendi moja na nyimbo tano, kwa kuwa naamini mkizielewa hizo tano mtaelewa kwa nini nimetumia umri wangu kutafuta kazi ambazo wenyewe waliziweka kando.

Mwishoni mwa mwaka 1971 vijana wanne wa London, wasio na mkataba wala fedha ya kulipia studio, walipata bahati ambayo wanamuziki wachache huipata. Studio za De Lane Lea zilikuwa zinahamia jengo jipya huko Wembley. Mafundi walihitaji bendi ipige kwa nguvu zake zote, ili wapime kama sauti inavuja kutoka chumba kimoja kwenda kingine na kama mitambo mipya inafanya kazi inavyotakiwa. Vijana wapige kelele, na kwa malipo yao nyimbo zao zirekodiwe bure. Bendi hiyo ilikuwa Queen. Brian May alishika gitaa, Roger Taylor dramu, John Deacon, aliyejiunga mwaka huohuo, gitaa la besi. Mwimbaji alikuwa Freddie Mercury, ambaye hapa kwetu hahitaji kuelezwa sana: ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa familia ya Kiparsi iliyohamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi.

Walirekodi nyimbo tano, fundi wao akiwa Louie Austin: "Keep Yourself Alive", "The Night Comes Down", "Great King Rat", "Jesus" na "Liar". Demo hizo ndizo walizozungusha katika ofisi za kampuni za muziki kutafuta mkataba. Hatimaye walichukuliwa na ndugu wawili wa familia ya Sheffield, wenye studio za Trident katika mtaa wa Soho, na mwaka 1972 wakaanza kurekodi upya nyimbo hizohizo kwa ajili ya albamu ya kwanza. Albamu ilitoka Julai 1973. Dunia ikazijua nyimbo kama zilivyotoka Trident. Zile za Wembley zikawa hazina kazi tena.

Hapo ndipo somo langu linapoanzia. Demo ikishaleta mkataba, nani ana sababu ya kuitunza? Mkanda wa studio ulikuwa mali ghali, na mara nyingi haukuwa mali ya mwanamuziki. Rafu hazikuwa na nafasi ya kuhifadhi kila kitu. Katika miaka ile studio nyingi zilifuta mikanda iliyoonekana haina faida na kurekodia kazi nyingine juu yake, na hakuna aliyeona amefanya kosa. Kwa miaka mingi demo za De Lane Lea zilijulikana zaidi kupitia nakala za wizi zilizopita mkono hadi mkono, nakala ya nakala, kila moja ikiongeza mikwaruzo yake juu ya ile iliyotangulia.

Zilipotolewa rasmi mwaka 2011, miaka 40 baadaye, chanzo kilikuwa santuri ya asetati ambayo Brian May alikuwa ameihifadhi mwenyewe. Naomba tukae hapa kidogo, kwa maana wengi katika ukumbi huu hamjawahi kuishika. Santuri ya dukani hugandamizwa kwa vinili, maelfu kwa maelfu. Ya asetati huchongwa moja moja. Ni bamba la alumini lililopakwa laka. Mkanda unapigwa upande huu, na upande ule sindano inachora mfereji juu ya laka hiyo papo hapo. Ukiishika ni nzito kuliko unavyotarajia, na ubaridi wa chuma unausikia vidoleni. Ilitengenezwa ili mtu aende nayo nyumbani au ofisini, aisikilize mara chache, basi. Laka ni laini, na kila sindano ya gramafoni inapopita hukwangua kidogo. Zinazotangulia kwenda ni sauti za juu: mlio wa matoazi, pumzi ya mwimbaji, ncha za maneno. Baadaye laka yenyewe hukauka, ikapasuka na kubanduka. Chombo kilichokusudiwa kudumu wiki chache kiliibeba kazi hii kwa miongo minne, kwa sababu tu kijana mmoja hakutaka kuitupa.

Sasa tuzisikilize. Katika demo, "Keep Yourself Alive" inaanza na gitaa kavu, lile lisilotumia umeme. Lina ukali wa nyuzi zinazogonga, kisha bendi nzima inaingia kama watu walio katika chumba kimoja wanaotazamana. Toleo la albamu linaanza na gitaa la umeme lililobanwa kwa kiganja na kupitishwa katika mtambo unaolifanya lizunguke kichwani mwa msikilizaji. Ni mwanzo mzuri, nami siubezi. Lakini ni wimbo mwingine kwa tabia. Ule wa Trident umepangwa, umepimwa. Mchanganyo wake ulifanywa na kukataliwa mara kadhaa, hadi fundi Mike Stone alipopata uliokubalika. Ule wa Wembley unakimbia. May amesema mara nyingi kwamba demo ile ilikuwa na uhai ambao hawakuweza kuurudisha tena, ingawa kiufundi ya pili ilikuwa safi zaidi.

Sababu zipo, na zinasikika. Trident walirekodi usiku, katika saa ambazo hazijanunuliwa na wateja wanaolipa. Huitwa, husubiri, huanza mtu mwingine anapoondoka. Dramu za Taylor ziliwekwa katika kibanda kilichofunikwa ili kumeza mwangwi, kama ilivyokuwa desturi ya studio hiyo, na sauti yake ikatoka kavu, fupi, bila chumba nyuma yake. Wembley ilikuwa kinyume kabisa: waliitwa ili wapige kwa nguvu, na chumba kilitakiwa kisikike. "Liar" nayo katika demo ni ndefu kuliko ya albamu kwa zaidi ya dakika moja, na "Jesus" vilevile imefupishwa. Kilichokatwa ni muda wa bendi kupumua na kutafutana.

Wimbo mmoja uliponea. Walipofika kwenye "The Night Comes Down", jaribio la Trident halikuwaridhisha, wakaamua kuchukua rekodi ya Wembley na kuiweka kwenye albamu. Anayenunua albamu ile anasikiliza nyimbo za Trident, kisha kwa dakika nne na ushei anahamishiwa katika jengo jingine, mwaka mwingine, mikono ya fundi mwingine. Wasikilizaji wengi hawajui. Mimi naliona jambo hili kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko maelezo yoyote ya wanamuziki wenyewe: mwaka 1972 bendi ililinganisha matoleo mawili ya wimbo mmoja, ikaamua la kwanza ndilo bora. Basi hatuwezi kufundisha kwamba toleo la mwanzo ni ngazi tu ya kupandia kwenye toleo la mwisho. Wakati mwingine toleo la mwisho hutoka kwa sababu kampuni imelilipia, studio inalidai, au tarehe imefika. La kwanza linatuonyesha njia nyingine iliyokuwapo, na iliyoachwa.

Kuna wimbo ulioachwa zaidi ya hizo. "Mad the Swine" ulirekodiwa Trident mwaka 1972 kwa ajili ya albamu ya kwanza, ukaondolewa kwa sababu bendi na watayarishaji hawakukubaliana juu ya mchanganyo wake. Ulikaa kimya hadi 1991, ulipotolewa kama wimbo wa ziada pamoja na "Headlong". Mwaka 2024 albamu nzima ilipochanganywa upya kwa jina la "Queen I", wimbo huo ukarudishwa mahali pake katika mpangilio, miaka 51 baada ya kutolewa nje.

Toleo hilo la 2024 limenipa furaha na wasiwasi kwa pamoja. May na Taylor walieleza kwamba walitaka albamu isikike kama walivyotamani isikike tangu mwanzo, na dramu zile kavu zikapewa sauti mpya. Wana haki hiyo. Kazi ni yao. Lakini mwanafunzi wangu akinijia na kusema, Profesa, nimeisikiliza albamu ya kwanza ya Queen, lazima nimuulize: ipi? Ya 1973 ina makosa yake, na makosa hayo ni historia. Yanatuambia studio ilikuwaje, nani alikuwa na sauti ya mwisho, na vijana wasio na fedha walikubali nini ili watoke. Ukisikiliza ya 2024 peke yake utajua walichokitaka, hutajua walichokipata. Kinachonituliza ni kwamba ndani ya sanduku la toleo hilo waliweka pia demo za De Lane Lea na vipande vya vikao vya Trident, pamoja na mianzo iliyokwama na majaribio yaliyoachwa njiani. Aliyetengeneza upya ametuachia na malighafi.

Hoja inayopinga msimamo wangu ni nzito, nami naiheshimu. Msanii ana haki ya kutupa. Aliyeamua wimbo haufai ameamua, na sisi ni nani kufukua? Kwa Freddie jambo hili linauma zaidi, maana alifariki tarehe 24 Novemba 1991 na hawezi kuulizwa. Oktoba 2022 ulitolewa wimbo "Face It Alone", uliotokana na vikao vya albamu ya "The Miracle" mwishoni mwa miaka ya 1980. Ulikuwa umewekwa kando. Wenzake wamesema walidhani hauwezi kuokolewa, hadi mafundi walipoviunganisha vipande vyake. Sauti ni yake, tena ya wakati ambao alijua ni mgonjwa. Mpangilio wa mwisho hakuuona.

Hata hivyo nakubaliana na waliouokoa na kuutoa. Anayefuta mkanda anatunyima hata nafasi ya kubishana juu ya haki ya msanii, na anayeutunza bila kuutoa anawaachia uamuzi watu wachache wenye funguo za ghala. Ninachodai ni kwamba kila kazi ya namna hii iandikwe wazi kwenye jalada: kipande hiki kilirekodiwa mwaka fulani, hiki kiliunganishwa na fulani, hapa sauti imeongezwa, hapa imeondolewa. Na vile vipande vyenyewe, kabla ya kuunganishwa, vihifadhiwe mahali ambapo mtafiti anaweza kuomba kuvisikiliza. Maombi ya namna hiyo nimeyaandika mengi, na wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaoanza nami muhula huu watayaandika pia.